Siti za ngozi na hewa ya bahari: tafuta chanzo kabla ya kushika kitambaa

Gari likishuka bandarini Malindi kutoka Japani, siti zake za ngozi mara nyingi huwa bado nzima, hata kama limeshatumika miaka mingi huko lilikotoka. Likishapitiwa na masika mawili matatu hapa Unguja, siti zilezile zinaanza kunata, kuota kuvu, kubadilika rangi au kuchunika. Mwenye gari anakwenda dukani, anauziwa chupa ya mafuta ya kung'arisha, anapaka, na mwezi unaofuata hali imezidi. Hilo linaniuma, kwa sababu siti nyingi zinazong'olewa hapa zilikuwa bado zinaponyeka, na nyingine zinazomaliziwa pesa za dawa zilikuwa zimeshakufa tokea mwanzo.

Ushauri mwingi unaozunguka umetoka kwenye nchi za baridi na ukavu, ambako kila anayezungumzia ngozi anaanza na kuilisha mafuta. Kwetu unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 75, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, nguo kabatini tu zinaota kuvu. Siti ya gari la Zanzibar haifi kwa kukosa mafuta. Inakufa kwa jasho, chumvi, jua na maji yaliyojificha chini ya zulia. Ukilishika hilo, nusu ya makosa unayakwepa.

Kwanza jua unakalia nini

Siti karibu zote za ngozi halisi kwenye magari ya miaka ya karibuni zina ngozi iliyopakwa rangi na juu yake tabaka jembamba la plastiki aina ya poliyurethani. Unapoifuta siti hiyo unafuta plastiki, hugusi ngozi yenyewe. Ndiyo maana mafuta unayopaka hayaingii ndani. Yanabaki juu, yanakusanya vumbi. Aina ya pili ni ngozi isiyo na tabaka hilo, laini mno, inayopatikana kwenye magari machache ya bei kubwa. Ya tatu ni ngozi bandia, na hii ipo kwenye magari mengi kuliko watu wanavyodhani. Hata gari linalotangazwa kuwa na siti za ngozi, mara nyingi ni pale unapokalia na unapoegemea tu. Ubavu wa nje, nyuma ya siti na mifuko yake ni vinili, yaani plastiki iliyofanywa ifanane na ngozi.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Dondosha tone la maji mahali pasipoonekana, tuseme chini ya mto wa kichwa. Likikaa juu kama lilivyo, hapo pana tabaka la kinga au ngozi bandia. Likizama na kuacha doa jeusi, ngozi yako haina kinga na kila nitakachosema kuhusu sabuni na spiriti ukipunguze mara mbili. Kisha bonyeza kwa kidole: ngozi halisi hutoa mikunjo midogo inayotawanyika kuzunguka kidole, bandia hubonyea tu. Ukiweza kufikia ukingo chini ya siti pale kitambaa kilipokunjwa, angalia upande wa ndani. Ngozi ina nyuzi kama za suedi. Bandia ina kitambaa kilichofumwa.

Mwisho, chukua kitambaa cheupe chenye unyevu na usugue kidogo. Kikitoka na uchafu wa kahawia, vizuri, ni uchafu. Kikitoka na rangi ya siti, simama. Ama siti ilishapakwa rangi mbovu na mtu mwingine, ama tabaka la juu limeisha.

Siti inang'aa na inanata

Ngozi ya gari ikiwa safi haing'ai. Ina rangi tulivu, na ukipitisha kiganja inateleza kavu. Siti inayomeremeta chini ya jua imefunikwa na kitu, na hicho kitu ni mojawapo ya viwili.

Cha kwanza ni mafuta ya mwili. Angalia pale mng'ao ulipo. Ukiwa kwenye mto wa kichwa, kwenye egemeo la mkono na sehemu ya juu ya mgongo, hiyo ni nazi ya nywele, losheni na jasho. Magari yanayobeba wageni wa Nungwi, Paje na Jambiani yana la ziada: krimu ya kuzuia jua. Ile krimu ina mafuta na kemikali zinazolainisha tabaka la juu la siti, na ikikaa wiki nzima kwenye joto, tabaka linaanza kuwa laini na rangi kutoka. Dereva wa wageni asisubiri mwisho wa mwezi. Kila jioni apitishe kitambaa chenye unyevu kwenye egemeo la mkono na ubavu wa siti.

Cha pili ni dawa ya kung'arisha, ile wanayopulizia dashibodi kwenye sehemu za kuoshea magari. Mng'ao wake unaenea siti nzima, hadi kwenye plastiki za pembeni, na ukikaa unateleza. Mwingi wake ni silikoni. Silikoni haiui ngozi siku moja, lakini vumbi la barabara ya udongo linaganda juu yake, na kila unapokaa vumbi lile linasaga siti taratibu. Pia inaleta shida baadaye, kwani siku ukitaka kupaka rangi upya rangi haishiki.

Tiba ya vyote viwili ni moja, na inahitaji uvumilivu kuliko nguvu. Vuta vumbi kwanza kwa mashine au kwa brashi laini, hasa kwenye mishono na pale mgongo unapokutana na kalio. Kuna mchanga mwingi humo usiouona. Changanya maji na sabuni laini, ile ya mtoto mchanga au ya kusafishia ngozi, mpaka upate povu. Unatumia povu, maji yenyewe unayaacha kwenye ndoo. Lichukue kwa brashi yenye nywele laini, zungusha polepole eneo la kiasi cha viganja viwili, futa kwa kitambaa cha maikrofaiba chenye unyevu, kisha kwa kikavu. Ndipo uhamie eneo jengine. Rudia mpaka kitambaa kisitoke na kitu. Siti iliyokaa miaka bila kusafishwa itataka mizunguko mitatu au minne, na rangi utakayoikuta chini yake mara nyingi ni nyepesi kuliko uliyoizoea.

Kuhusu sabuni nataka nieleweke vizuri. Ngozi iliyotengenezwa kiwandani ina asidi kidogo, pH yake iko kati ya 3.5 na 5. Sabuni ya mche na sabuni ya unga ziko upande wa pili kabisa, 9 au 10. Ukizitumia mara moja huoni kitu. Ukizitumia kila Ijumaa kwa mwaka, tabaka la juu linachoka, mishono inakakamaa na ngozi pale ilipopasuka inakuwa ngumu. Dawa ya kufanya nguo nyeupe, petroli, mafuta ya taa na thina hata usivilete karibu. Dawa ya meno na zile sponji nyeupe za kufutia ukuta zinasafisha kwa kusaga. Uchafu unatoka pamoja na kinga.

Na maji: usitumie ya kisima kilicho karibu na bahari. Visima vingi vya pwani ya mashariki vina maji ya chumvi, na ukisafishia siti kwa maji hayo unaongeza kile unachotaka kukitoa. Kwa siti nzima ndoo ndogo ya maji ya mvua au chupa mbili za maji ya kunywa zinatosha.

Kuna unga mweupe juu ya siti

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa sababu vitu vitatu tofauti vinafanana.

Kuvu huja kwa mabaka ya duara, kijivu au kijani kibichi, na inapenda mahali penye giza na panapoguswa kidogo: nyuma ya siti ya mbele, chini ya mto wa kichwa, siti ya tatu ya gari la familia ambayo hakuna anayeikalia. Ina harufu yake, ile ya godoro lililonyeshewa. Chumvi huja kama mstari au ramani, na iko pale penye kukaliwa. Kitu cha tatu ni mafuta ya ngozi yenyewe, au yale uliyopaka, yaliyopanda juu na kuganda kama ukungu mweupe. Ukipitisha kitambaa chenye maji, chumvi inayeyuka na kupotea. Ukipuliza hewa vuguvugu ya mashine ya kukaushia nywele, mafuta yanayeyuka na kutoweka mbele ya macho yako. Kuvu haitishwi na lolote kati ya hayo mawili, inapakaa tu.

Ikiwa ni mafuta, futa kwa kitambaa kikavu wakati bado vuguvugu na uache kupaka mengine. Ikiwa ni chumvi, chanzo chake huwa nguo za kuogelea, au jasho la siku nyingi. Usiisugue ikiwa kavu, punje zake zinakwaruza. Lowesha kitambaa kwa maji matamu, kiweke juu ya doa dakika chache ili chumvi iyeyuke, kinyonye, badilisha kitambaa, rudia. Halafu weka utaratibu: mtu aliyetoka baharini hakalii siti bila taulo kavu. Kikoi kilicholowa hakisaidii, maji yanapita.

Kuvu ndiyo kazi. Kuisafisha ni nusu ya kwanza. Toa gari nje kwenye upepo, fungua milango yote, funga pua na mdomo. Usianze kwa brashi kavu, utazirusha mbegu zake kote ndani ya gari na kifuani mwako. Changanya spiriti ya duka la dawa na maji nusu kwa nusu, ijaribu kwanza mahali pasipoonekana kwa sababu spiriti inaweza kutoa rangi, kisha lowesha kitambaa na ufute baka moja baada ya jengine kwa mkono mwepesi, ukikunja upande mpya kila mara. Usimwagie siti. Baada ya hapo safisha kwa povu kama nilivyoeleza, na uache milango wazi saa kadhaa kivulini penye upepo. Mikanda ya siti nayo ivute yote hadi mwisho uifute, kuvu inajificha pale mkanda unapojikunja.

Nusu ya pili ni kutafuta maji yanatoka wapi. Kuvu ikirudi ndani ya wiki mbili, usiinunulie dawa nyengine. Kuna unyevu ndani ya gari. Inua zulia la miguuni upande wa abiria wa mbele ubonyeze kwa mkono. Likiwa limelowa wakati hakujanyesha, mara nyingi mpira unaotoa maji ya kiyoyozi umeziba na maji yanarudi ndani. Ni kazi ndogo kwa fundi, mpira wenyewe uko chini ya gari karibu na ukuta wa injini. Likilowa baada ya mvua tu, tazama raba za milango, na kama gari lina dirisha la paa, mifereji yake ya pembeni. Majani na vumbi la mwembe ulioegesha chini yake huiziba, maji yakashuka ndani ya nguzo hadi sakafuni bila kuonekana juu. Zulia lina sponji nene chini. Juu likikauka chini bado limelowa siku nyingi, na lazima liinuliwe.

Gari linalokaa wiki nzima bila kuendeshwa, kama yale ya watu waliosafiri kwenda Dar es Salaam au Muscat, linahitaji mtu wa kulifungua milango siku ya upepo mkavu. Mimi naona huu ndio upendeleo bora unaoweza kumwomba jirani, kuliko kumwomba aliwashe injini tu. Turubai la plastiki lililofunika gari zima wakati wa masika linafungia unyevu ndani. Kama huna banda, heri kivuli cha ukuta.

Rangi ngeni imeingia

Rangi ya bluu kwenye siti za rangi ya maziwa au kijivu inatoka kwenye jinzi mpya. Nyeusi inatoka kwenye baibui jipya lisilofuliwa, na joto la siti pamoja na jasho ndivyo vinavyoisukuma. Ikiwa na siku chache, povu na mizunguko kadhaa vinaitoa nyingi. Ikishapita miezi, imeingia ndani ya tabaka la juu na hakuna kufuta kutakakoitoa bila kulitoa tabaka lenyewe. Hapo inabaki kupaka rangi upya sehemu ile. Kwa siti za rangi nyepesi, kinga ya kupaka, nitaizungumza chini, inalipa gharama yake.

Hina na piko, ile rangi nyeusi ya kujichora, vinastahili maneno zaidi, kwa kuwa gari la harusi hapa halikosi. Rangi ya hina inashika protini, ndiyo maana inakolea kwenye kiganja na ukucha, na ngozi ya siti nayo ni protini. Kinachokuokoa ni lile tabaka la plastiki. Hina ikidondoka kwenye siti yenye tabaka zima, iinue kwa ukingo wa kadi au kijiko, usiipakaze, kisha futa kwa kitambaa chenye povu ndani ya dakika chache, na haitabaki ila kivuli. Ikidondoka kwenye mpasuko, pale ngozi iko wazi, imekaa hapo moja kwa moja. Piko la kuchanganya na dawa ya nywele ni baya zaidi, linashika hata plastiki. Bibi harusi na shangazi zake watandikiwe shuka ya zamani kabla hawajaingia, na wataelewa.

Manjano ya urojo wa Forodhani inatisha lakini ina udhaifu mmoja: rangi yake haivumilii mwanga. Safisha mafuta yake kwanza kwa povu, kausha, halafu liache doa lipigwe na jua la asubuhi kupitia dirishani. Linafifia lenyewe siku hadi siku. Ukwaju na maji ya embe ni sukari na asidi, vinatoka kwa maji. Vikiachwa vinanata na kuita sisimizi.

Utomvu wa fenesi usiusugue hata kidogo. Pakaa tone la mafuta ya kupikia juu yake kwa pamba, subiri ulegee, uviringishe utoke, kisha osha mafuta yote kwa povu. Wino wa kalamu wa watoto wanaotoka skuli unahitaji bahati: spiriti kidogo kwenye pamba ya sikio, gusa bila kusugua, na uache mara rangi ya siti inapoanza kuonekana kwenye pamba.

Kwa ndugu zetu wa Pemba, msimu wa karafuu una tatizo lake. Magunia yanabebwa kwenye siti ya nyuma kutoka Konde au Mkoani hadi kituo cha ununuzi, na karafuu ina mafuta yenye yujenoli, kemikali inayolainisha baadhi ya plastiki. Doa lake ni la kahawia, linanata, na harufu haitoki miezi. Karafuu ambayo haijakauka vizuri inaongeza na unyevu. Laza siti ya nyuma, tandika jamvi na juu yake turubai nene, na gunia lisikae usiku kucha ndani ya gari lililofungwa. Doa likishaingia, povu mara nyingi na subira; thina italeta hasara kubwa kuliko karafuu.

Mipasuko

Anza kwa kutazama ilipo. Magari yetu yana usukani kulia, basi dereva anaingia na kutoka akiburura paja juu ya ubavu wa kulia wa siti yake. Ukiona mipasuko hapo tu na siti nyengine ziko sawa, chanzo ni msuguano na mchanga wa suruali. Ukiiona juu ya mgongo wa siti ya nyuma, chini ya kioo, chanzo ni jua. Ukiiona kila mahali palipopakwa dawa na si penginepo, dawa ndiyo chanzo.

Gari lililofungwa juani mchana wa kaskazi, hewa yake ndani hupita nyuzi 50, na siti nyeusi hupita hapo mbali. Ukitaka kufanya jambo moja tu kwa ajili ya siti zako, zuia jua: kizuizi cha kioo cha mbele kila unapoegesha, na kanga kuukuu juu ya siti ya nyuma. Kuukuu, nasisitiza, kwa kuwa kanga mpya ikipata unyevu inatoa rangi. Mwembe unatoa kivuli kizuri, ila utomvu na popo wake ni shida ya bodi ya gari, na hilo ni jambo jengine.

Tazama kina sasa, kwa tochi. Mistari myembamba kama ya kiganja, ambayo chini yake rangi bado ipo, iko kwenye tabaka la juu tu; safisha, kinga, usiifanyie zaidi. Mistari inayoonesha nyuzi za kijivu au za bluu hafifu imefika kwenye ngozi yenyewe. Hii inatengenezeka: inasafishwa mpaka isibaki chembe ya mafuta, inapitishwa msasa laini, inajazwa puti maalumu ya ngozi inayopinda, inapakwa rangi ya ngozi ya maji kwa matabaka membamba, na mwisho tabaka la kinga. Rangi ya bodi ya gari haipindi na siti. Itapasuka ndani ya wiki. Muulize kabla hajaanza: "Fundi, rangi yako ni ya maji ya ngozi au ya thina?" Akijibu ya thina, mshukuru uende.

Ganda linachunika vipande vipande

Kama juu linatoka ganda jembamba na chini yake kinaonekana kitambaa kilichofumwa, hiyo haikuwa ngozi. Poliyurethani ya ngozi bandia inaoza kwa unyevu na joto; maji ya hewani yanavunja viungo vyake vya kemikali mpaka inaachana na kitambaa. Mchakato huo unaendelea hata gari likiwa limeegeshwa, na hapa kwetu unakwenda haraka. Hakuna krimu, mafuta wala gundi inayourudisha nyuma. Anayekuuzia chupa kwa ajili ya hilo anakuuzia hewa. Weka pesa yako kwa fundi wa siti.

Dalili ya mapema ni kunata kusikoisha baada ya kusafisha mara mbili na kukausha, kwenye sehemu za vinili au bandia. Ukiikuta kwenye gari unalotaka kununua, toa gharama ya kushona siti kwenye bei.

Siti zenye matundu, umeme na harufu

Siti za matundu madogo zisafishwe kwa kitambaa chenye unyevu tu, bila povu jingi. Sabuni ikiingia kwenye tundu inakauka humo ikawa nukta nyeupe. Zitoe kwa kijiti cha meno, moja moja. Magari mengi ya Japani yana siti za kupasha joto ambazo hapa hakuna anayeziwasha, lakini nyaya zake zipo, pamoja na mota na kihisi cha abiria. Maji yakimwagika mengi, usichezeshe siti kwa swichi mpaka ikauke. Soketi za njano chini ya siti ni za eabegi, mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Asiziguse mtu anayesafisha. Taa ya eabegi ikiwaka baada ya kuoshewa gari, peleka kwa fundi umeme wa magari.

Harufu ya samaki au maziwa haikai kwenye ngozi, iko kwenye sponji chini yake au kwenye zulia, imeingia kupitia mshono. Manukato yataifunika siku mbili. Siti inafunguliwa boliti zake na fundi anayejua kuzima eabegi kwanza, inageuzwa, sponji inasafishwa na kukaushwa kabisa. Samaki wa Malindi abebwe kwenye ndoo yenye kifuniko, sakafuni.

Kinga baada ya kusafisha

Siti ikiwa safi na kavu kabisa, paka kinga ya ngozi ya maji, isiyo na silikoni wala harufu ya petroli, kwa tabaka jembamba, na uiache usiku mmoja bila kukaliwa. Kazi yake ni kupunguza msuguano na kuzuia rangi na mafuta visishike. Paka siti ya dereva na egemeo la mkono mara nyingi zaidi kuliko siti za nyuma. Haina maana kuzipaka zote sawa. Wakati mzuri ni kabla ya masika na tena baada ya vuli, kaskazi ikianza. Mafuta ya nazi na polishi ya viatu waachie nywele na viatu. Nazi inachacha na inalisha kuvu ileile uliyoitoa.

Ukiamua kushonesha upya au kuvalisha mfuniko, angalia ubavu wa nje wa mgongo wa siti za mbele. Kukiwa na kitambulisho kidogo chenye maandishi SRS AIRBAG, eabegi inatokea hapo kwa kupasua mshono uliotengenezwa uwe dhaifu kwa makusudi. Fundi asiushone kwa uzi mnene wala asipitishe juu yake mfuniko uliobana bila mwanya. Mwoneshe kitambulisho hicho kwa kidole chako kabla hajashika mkasi, na siti ikirudi, hakikisha mshono ule bado ni wa uzi mwembamba kama wa mwanzo.